Mama Rido na Mabeseni Matatu

Enzi za kambi, wenzangu, Jumamosi haikuwa siku ya kupumzika. Ilikuwa siku ya kuogopa. Jua bado halijatoka, mama zetu walikuwa wameshainama na fagio za majani, wanafagia mchanga mpaka unabaki na mistari kama kichwa cha mtoto aliyechanwa. Nasema fagio za majani kwa sababu zile za plastiki tulikuja kuziona ukubwani, na mimi mpaka leo siziamini. Aliyekulia kambini ananielewa. Asiyekulia, akae nimweleze, maana mbele huko iko jambo lililonikata pumzi uzeeni hapa Durban, na bila kambi hutalielewa.

Kambi yetu ilikuwa ya kampuni ya shaba, kule Katanga. Mistari kumi na miwili ya nyumba, kila mstari nyumba ishirini, zote chokaa nyeupe, zote mlango katikati, dirisha kushoto, dirisha kulia, mpapai mmoja nyuma. Ukipanda mipapai miwili unaulizwa wa pili ni wa nini. Sisi tulikuwa mstari wa tatu, nyumba namba hamsini na mbili. Tarehe niliyooa naweza kuisahau, na mke wangu, Mungu amrehemu, alinigombeza kwa hilo mpaka mwisho wake. Hiyo hamsini na mbili siisahau.

Saa mbili asubuhi anakuja mkaguzi na baiskeli yake, kitabu kwapani. Nyuma yake madamu wa foyer. Foyer ilikuwa nyumba kubwa karibu na ofisi, ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi na kunyonyesha mtoto kwa kuangalia saa. Ndiyo, kwa saa! Mtoto analia, mama anatazama ukutani. Hapo foyer ndipo waliposhona mapazia, ambayo sisi tuliyaita rido. Rido za kambi nzima zilikuwa za namna moja: kitambaa cheupe, pindo la vidole viwili, hakuna ua, hakuna ndege. Madamu alikuwa anapima pindo kwa vidole vyake, na vidole vyake vilikuwa vyembamba kuliko vya mama zetu, hapo tabu ikaanza.

Mkaguzi aliingia ndani. Aliangalia sufuria, akaangalia choo, akanusa, akaangalia rido. Nyumba yenye kosa iliandikwa alama kitabuni. Nyumba iliyozishinda zote ilipewa zawadi siku ya mshahara, mbele ya watu. Zawadi zenyewe mimi sikuzijali, maana siku ya mshahara akili ya mtoto ilikuwa kwenye mkate wa sukari.

Mama alikuwa ananiambia: "Daudi, fagia na kwa jirani, mkaguzi anaanzia kule." Na Ijumaa jioni nilikuwa na kazi yangu ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuishika: vifungo vya rido. Tisa. Mama alinifundisha kuvifungua bila kuvuta uzi, kitambaa cha ndani kinatoka, anakikunja na kukiweka chini ya godoro. Jumamosi mchana navifunga tena. Nilidhani ni mambo ya usafi, kila nyumba inafanya. Vifungo vile vilinipa ufundi. Shule niliacha darasa la tatu, mwalimu alikuwa na fimbo ndefu na mimi nilikuwa na miguu mirefu, lakini kifungo nakishona gizani.

Tulicheza, jamani. Mpira wa vitambaa uliofungwa kwa kamba ya katani, magari ya waya yenye usukani, kuruka kamba pamoja na wasichana huku tukikana kwamba tunacheza na wasichana. Wajukuu zangu wana mpira wa kweli, wa ngozi, umekaa juu ya kabati. Wao wanacheza mpira kwa kidole gumba. Mmoja akifunga goli anapumua kama amekimbia! Sisi jioni tulirudi na magoti meupe kwa vumbi, tunakuta bukari, ugali wetu, inatoa moshi, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa vizuri na samaki mkavu ndani yake, na msimu wa mvua viwavi vya kukaanga vinavyolia mdomoni. Kabla ya kula, kuoga. Kwetu tulikuwa na mabeseni matatu ya bati lililopakwa rangi, meupe yenye ukingo wa bluu. Jirani wengi walikuwa na moja, tena limetoboka. Nilikuwa napiga kelele mpaka mstari wa nne wasikie: "Sisi tuna matatu! Sisi tuna matatu!" Mama alisema: "Nyamaza, oga."

Sasa wimbo.

Mwisho wa kila mstari ilikuwa bomba la maji. Mama zetu walipanga ndoo, na maji ya kambi yalitoka kidogo kidogo kama machozi ya mlevi, kwa hiyo waliimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, sisi watoto tunacheza kwenye tope. Nyimbo za kanisani walikuwa nazo, za harusi walikuwa nazo. Uliotupagawisha ni huu:

Nyumba ya kwanza nyeupe, ya pili nyeupe,
bwana ametoka kazini, anatafuta mlango.
Rido, rido!
Ameingia kwa jirani, amekula, amelala,
asubuhi anauliza, mtoto huyu wa nani?
Rido, rido!
Mama Rido akiambiwa kaa, anakaa,
akiambiwa cheka, anauliza meno mangapi.
Rido, rido!

Hapo kwenye meno mangapi tulikuwa tunaanguka chini. Kila mtoto alikuwa na namna yake ya kumwigiza Mama Rido. Mimi niliwazidi wote. Nilikuwa natembea kama nimemeza ufagio, nasimama, nafungua mdomo, nahesabu meno kwa kidole. Wamama waliweka ndoo chini wakashika mbavu. Siku moja nikiwa nakula nilimwuliza mama, yeye akikata majani ya sombe: "Mama, huyo Mama Rido ni nani?" Hakuinua kichwa. "Mke wa karani mmoja, kambi ya juu. Kula." Nilikula. Kambi ya juu ndiko walikokaa makarani, watu wa viatu. Nikaridhika, maana kumcheka mtu wa viatu kulikuwa kutamu.

Wimbo huo nimetembea nao maisha yote. Vita vilipotutoa, niliacha cherehani mbili, picha za harusi, na mkwe mmoja ambaye sikumpenda lakini haikufaa kumwacha. Wimbo haukuachwa. Nimeuimba Lubumbashi, nimeuimba kambi ya wakimbizi Zambia, ambako mahema nayo yalikuwa ya rangi moja na mistari iliyonyooka, watu wakacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza. Na hapa Durban, kwenye harusi moja ya watu wetu mwaka jana, vijana wa suruali za kubana waliupiga kwa kinanda, wakaongeza ngoma, ukumbi mzima ukainua simu. Vijana ambao kambi hawakuiona hata kwa picha! Kijana Mrundi, kinyozi wa pale Berea karibu na cherehani yangu, akaniuliza: "Mzee, huu wimbo ni wa nyumba zetu hizi za mageti?" Nikamwambia ni wa kwetu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, kama niliutunga mimi.

Basi, Mapendo. Mapendo ni kitinda mimba wangu. Anasuka nywele, ana saluni yake ya viti vitatu mjini, na nguvu za mama yake. Mwaka huu alihama ghorofa ya Berea, akapanga nyumba huko juu ya Overport, kwenye kompleksi. Geti, mlinzi, nyumba ishirini na nne za rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, milango ya kahawia, majani yamekatwa kama nywele za askari. Siku ya kwanza niliposhuka kwenye teksi na kuingia, nilibisha milango mitatu kabla ya kuupata wake. Wenzangu, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilikuwa nimeingia ndani ya wimbo wangu.

Nilimshonea zawadi ya nyumba mpya: rido za kitenge chekundu chenye ndege wa njano. Niliporudi baada ya wiki mbili, ndege hawakuwepo. Dirishani kulikuwa na kitambaa cheupe.

"Papa, wameandika," Mapendo alisema.

"Nani ameandika?"

"Kamati ya kompleksi. Madirisha yanayotazama barabara, rido nyeupe tu."

Mungu anisamehe, nilianza kuimba hapo hapo sebuleni. Nyumba ya kwanza nyeupe, ya pili nyeupe. Watoto wake wawili, Neema na Gloria, wakaruka kutoka kwenye kiti, wanaujua wote, niliwafundisha mimi. Nikatembea kama nimemeza ufagio. Na badala ya Mama Rido nikasema Mapendo Rido.

Mapendo alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini polepole.

"Papa, hiyo ni barua ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya kinu, nilipotwanga sombe Jumapili. Ya tatu ikija, mwenye nyumba hatatupa mkataba tena. Na hii karatasi yetu ya ukimbizi, umesahau tulifungiwa milango mingapi tukiionyesha?"

"Eish! Mtoto wangu mimi, anaogopa barua!"

"Ndiyo, naogopa. Na usiniimbie hivyo tena mbele ya watoto wangu."

Mzee mwenye akili angenyamaza. Mimi nilifungua mdomo, nikahesabu meno kwa kidole.

Hakulia, hakupiga kelele. Alisema: "Twende nikusindikize kwenye teksi." Pale kwenye roboti, taa za barabarani, nyekundu ikiwa inawaka bado, akageuka akarudi, hakusubiri nipande. Kila Jumamosi watoto walikuwa wanakuja kwangu kupanga vifungo kwenye kopo langu, vya mashimo mawili huku, vya manne huku. Jumamosi ile hawakuja. Ya pili hawakuja. Ya tatu nilipiga simu. "Tuko bize, papa." Mimi nikawaambia watu pale Berea kwamba binti yangu amekuwa mtu wa kambi ya juu. Walicheka. Nilicheka nao, halafu jioni nilikula peke yangu, bukari imeganda.

Ndipo kanisani wakaniambia kwamba iko bibi mmoja ameletwa na mwanawe kutoka Kongo, anakaa South Beach, ghorofa ya kumi, na kwamba alikulia kambi yetu. Jumapili ile ile nilinunua mkate nikaenda. Nilimkuta amekaa mbali na dirisha, anaogopa kutazama chini, blanketi magotini. Jina lake Feza. Ananizidi miaka sita au saba, kwa hiyo nikamwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Mlikaa nyumba gani?" aliuliza.

"Mstari wa tatu, yaya. Hamsini na mbili."

Akanitazama muda mrefu. "Wewe ni Daudi? Daudi wa mama Daudi? Mbona umezeeka hivi, wewe si ulikuwa na masikio tu?"

Tulicheka, tukataja watu, wengi wao marehemu. Tukala mkate. Nikataka kumfurahisha zaidi, nikaanzisha Mama Rido. Alipiga makofi mawili. Halafu mikono ikabaki hewani.

"Wewe unaimba hii?"

"Kila siku, yaya. Mpaka harusini."

"Na unajua ilikuwa inamwimba nani?"

"Mke wa karani. Kambi ya juu."

Alianza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akaona uso wangu na kicheko kikaisha.

"Kambi ya juu hawakwenda foyer, Daudi. Wale walinunua rido dukani, za maua. Nani angempima mke wa karani pindo? Hii nyimbo aliitunga mama yangu, pale bombani, mimi nikiwa nimeshika ndoo. Ilikuwa ya mama yako."

Nilisema hapana. Nilisema hapana mara nyingi, kama mtu anayefukuza nzi.

"Mama yako alichukua zawadi ya madamu mara tatu. Hakuna mwingine aliyechukua hata mara mbili. Wenzake walikasirika. Si unakumbuka yale mabeseni?"

"Mabeseni gani?" nilimwuliza, na tayari nilikuwa nimekaa ndani ya moja, maji yanafika kitovuni, ukingo wa bluu, nikiwapigia kelele mstari wa nne.

Feza aliendelea taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwingine. "Baba yako alikuwa na alama mbili kitabuni. Pombe, ile ya kuchemsha nyuma ya nyumba. Alama ya tatu mngepakiwa kwenye lori, mrudishwe kijijini, na kijijini kwenu wakati ule hapakuwa na mtu wala chakula. Kambi yote ilijua. Mama zetu walijua. Waliimba vile vile, maana ilikuwa tamu."

"Na yeye? Mama yangu alifanya nini wakiimba?"

"Hujui?" Feza alishangaa kweli. "Ile sauti ya juu kwenye rido, rido, iliyokuwa inapanda kuliko zote. Ilikuwa ya nani?"

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka nilishuka kwa ngazi, ghorofa kumi, na goti langu hili. Chini, teksi ilipiga honi, nikaipita. Nilitembea tu. Miaka yote hii! Nilitembea mbele yake kama nimemeza ufagio. Nilihesabu meno mbele yake, wamama wanashika mbavu, na yeye ameshika ndoo, anaitikia. Anaitikia ili mimi nisijue. Na lililonikalisha chini kwenye ukingo wa barabara, watu wananipita wakidhani nimelewa: siku ya matanga yake, mama amelazwa ndani, ni mimi niliyesimama nikasema tuimbe wimbo alioupenda. Nikauanzisha. Watu wazima wa kambi wakatazamana. Nilidhani ni huzuni.

Barua mbili, alisema Mapendo. Alama mbili, alisema Feza. Nilikaa na maneno hayo siku mbili, siwezi hata kutunga uzi.

Siku ya tatu nikakumbuka surua. Nilikuwa na miaka mitano au sita, nimelala mkekani, homa imenishika, na kilichonituliza kilikuwa maua. Maua mekundu dirishani, jua nyuma yake, yanawaka. Nikajiuliza, maua yametoka wapi? Rido ya kambi haina ua. Ndipo vidole vyangu vikajibu kabla ya kichwa: vifungo tisa. Kile kitambaa cha ndani. Kilikuwa kitenge chake cha harusi. Nje aliwapa nyeupe yao, pindo la vidole viwili vyembamba. Ndani alitufungia maua yake, Ijumaa jioni yanaingia chini ya godoro, Jumamosi mchana yanarudi. Na mimi nilikuwa msaidizi wake, sikujua tunafanya nini.

Nikakaa kwenye cherehani. Kinyozi Mrundi akaja: "Mzee, leo huimbi?" Nikamwambia leo nahesabu vifungo.

Jumamosi nilipanda teksi mpaka Overport, nikapanda kilima kwa miguu, kifurushi kwapani kama mkaguzi. Mapendo alifungua mlango, hakusema ingia wala usiingie. Nikampa. Alikunjua upande mmoja, mweupe, akaniangalia, macho yake yanauliza kama nimekuja tena kumcheka. Halafu akageuza. Ndege wa njano.

"Papa, hii ni nini?"

Nilimweleza nimesimama pale pale kizingitini, sikuweza kukaa. Bomba, mabeseni, alama za baba, sauti ya juu. Matanga pia nilimweleza. Hilo nilitaka kulificha, likatoka lenyewe.

"Ulimwimbia bibi mpaka kwenye matanga yake?"

"Ndiyo."

Nilitazama viatu vyangu. Kisha akageukia ndani: "Neema! Gloria! Njooni mwone, babu ameleta vifungo. Atawaonyesha kufungua bila kuvuta uzi."

Wenzangu, enzi zetu tulikuwa na mkaguzi na kitabu, siku hizi kuna kamati na barua. Enzi zetu maua yalilala chini ya godoro Ijumaa, siku hizi angalau hakuna anayeingia ndani kunusa sufuria. Wanasema mambo yamebadilika, na chokaa kweli imekuwa rangi ya chai. Wimbo ndio uko vile vile. Siwezi kuuzuia, uko kwenye simu za watu, na leo leo kuna mtu anacheka meno mangapi mahali fulani. Unachekesha. Hata sasa nikiuandika hapa, kidole kilitaka kwenda mdomoni. Ila sisi tuliokula, kuoga na kulala kwa sababu ya yule mama, tulicheka bila kujua ni yeye.

Watoto walipofika kifungo cha sita, Gloria alianza kuimba kwa mazoea: nyumba ya kwanza nyeupe. Nikataka kumnyamazisha. Kabla sijafungua kinywa, Mapendo akaitikia kutoka jikoni, rido, rido, sauti juu, juu kabisa. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia jasho.

Kutoka getini niligeuka kutazama. Nyumba ishirini na nne, madirisha yote meupe. Nilihesabu mara mbili, nikashindwa kujua ipi ni ya Mapendo. Safari hii sikucheka.